Verni ya Papa kwenye Kifua cha Muasi

Harufu ya verni ilituamsha kabla ya kahawa, pale kwetu Mangobo. Papa alikuwa fundi wa kupaka fanicha vanishi hiyo, lakini tangu waasi wauteke mji hakuna aliyeleta kiti wala kabati, basi akawa ananitengenezea meli za karatasi, mfano wa zile zilizokuwa zikipanda mto kabla ya vita. Alikata maboksi ya sigara, akayagandisha kwa uji wa muhogo, kisha akapaka verni isiyo na rangi: mkono wa kwanza mwepesi ili karatasi isijikunje, kungoja ikauke, mkono wa pili, kungoja tena, halafu wa tatu, akikazania kingo zilizokatwa kwa kuwa maji huanza kuingilia hapo. Mimi binti yake sikuwa na subira hata kidogo.

Mchana mmoja nilikuwa naelesha meli kwenye beseni uani, Papa na Mama wakiwa kibarazani, muasi akaingia peke yake, bunduki begani, majani kichwani. Nilijikojolea, nasema wazi. Tulikuwa tumeona jirani akichukuliwa kwa kosa la kuvaa miwani tu, eti ni msomi. Kijana yule hakunitazama. Alichuchumaa, akaizamisha meli, akaitoa, akaikung'uta. Kavu! Waasi walikuwa wakinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na yeye alimwambia Papa kwamba dawa yake imeharibika, mwanamke alimgusa sokoni, na huo ni mwiko.

"Papa, hii dawa iko nguvu. Unipake."

"Mwana yangu, hii iko ya karatasi, haiko ya mutu."

"Bon. Unakataa?"

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Papa angekataa, angekufa palepale. Angekubali, na kijana akapigwa risasi, wenzake wangekuja kuuliza nani alimpaka. Akashika brashi. Na kwa vile hakujua namna nyingine ya kufanya kazi, alimpaka vilevile kama karatasi: mkono mwepesi, kungoja ikauke. Ee Mungu, kungoja kule! Muasi alisimama katikati ya ua wetu, mikono ameitanua isigande na mbavu, nzi wakimnasia kifuani, bunduki imeegemezwa ukutani. Papa aliitazama mara moja tu, akageuza uso. Brashi ilipofika tumboni kijana akatekenyeka, akacheka kama mtoto, na mimi nikazidi kuogopa.

Baada ya mkono wa tatu alishukuru kwa adabu, akashika njia ya Kapalata, anang'aa juani. Tangu hapo kila tuliposikia bunduki Mama alitupigisha magoti: "Mungu, mulinde yule mutoto." Tulimwombea kuliko tonton yetu, ndugu wa Papa, aliyejificha Ubundu. Tulitaka aishi ili Papa aishi, basi, hatukuwa na huruma naye hata chembe. Waasi wakafukuzwa mjini. Hakuna aliyekuja kuuliza, na hatukujua kama alipona.

Leo Mangobo ni kelele za pikipiki, na watoto wanachezea meli za plastiki zisizongojwa kukauka. Mjukuu wangu amefikia umri wa kijana yule. Juzi aliniuliza kama muasi yule alikuwa mtu mbaya. Nikamjibu sijui, najua alikuwa anaogopa kufa, sawasawa na Papa, ila Papa alikuwa na sisi, na yeye labda hakuwa na mwingine wa kumwombea isipokuwa sisi tuliomwogopa.