Boriti Iliyopungua na Chombo cha Mirihi

Miaka ile wakimbizi walipojaa Kigoma, katika chumba chetu cha uani, mtaa wa Buzebazeba, alikaa mwalimu wa fizikia kutoka Burundi. Alishuka bandari ya Kibirizi na mkewe na begi moja. Baba, aliyekuwa fundi seremala, aliwachukua siku hiyohiyo, kwa sababu Kirundi cha yule mama kilimkumbusha Kiha cha marehemu bibi. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la tano, shule ya jirani.

Mwaka huo wazazi wa wanafunzi walijenga darasa pale shuleni, na baba akapewa kazi ya paa. Alipima kwa futi, kama alivyopima kila kitu maishani: futi ishirini. Wapasua mbao wa Kidahwe walitaka kipimo kwa mita, nikawaandikia mimi. Futi moja sentimita thelathini. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Nikaandika mita sita kamili.

Boriti ilipopandishwa, upande mmoja ulikaa vizuri, wa pili ukagusa ukingo tu wa tofali. Baba alinitazama kutoka juu ya ngazi. Wazazi wote walikuwepo pale chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni yule mwalimu wa Burundi aliniomba rula yangu.

"Angalia mwisho wake," alisema.

Alama ya inchi kumi na mbili ilikuwa imepita ya sentimita thelathini, kwa kiasi kisichofika nusu sentimita.

"Sasa zidisha mara ishirini."

Karibu sentimita kumi. Rula ile niliishika kila siku, na sikuwahi kuona.

Baba aliunga kipande kwa bolti, paa likakaa. Lakini kwa majuma kadhaa aliniita Mita Sita, hata mbele ya wageni.

Kisha siku moja mwalimu alitoka uani mbio, redio mkononi, ikizungumza Kifaransa.

"Mzee! Chombo cha anga walichotuma kwenye sayari ya Mirihi kimepotea. Kundi moja lilihesabu nguvu ya injini kwa vipimo vya Kiingereza, jingine likavisoma kama vya metriki, vya mita na kilo. Kimeshuka chini mno!"

"Wataalamu hao?" baba akauliza.

"Ego, ndiyo, Mzee. Wataalamu."

Baba alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanzu. Kuanzia hapo akaacha kuniita Mita Sita.

Mwalimu hakucheka sana. Aliniambia kwamba huko kwao alikuwa na daftari zima la masomo ya anga, limebaki mezani, mlango wazi, siku walipokimbia. Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa, na Ijumaa moja mgeni wetu akaja kufundisha darasa langu chini ya boriti ileile. Alivaa shati lililopigwa pasi na mkewe, akachora Dunia, Mirihi na njia ndefu ya kile chombo kilichopotea kati yake. Kiswahili chake kilikwama hapa na pale, watoto wakamsaidia maneno. Sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mle ndani ya chombo mlikuwa na watu?"

"Hapana. Hamkuwa na mtu."

"Afadhali," akasema yule mtoto, akakaa.

Mwalimu aligeukia ubao, chaki mkononi. Kisha akaendelea na somo.

Yeye na mkewe walirudi kwao amani ilipopatikana. Daftari sijui kama alilikuta.