Sadaka Tuliyoila

Mwanangu, naikumbuka siku tuliyoila sadaka ya ndugu yangu Salumu, na mnofu wake mpaka leo umenikwama kooni.

Enzi za Mwingereza tulikuwa wakata mikoko huku Delta, mto unapomwagikia baharini. Shule mimi niliiona kwa nje; nyumba hii ya bati nimeijenga kwa shoka. Asubuhi moja Salumu alishika kisogo, akasema, "Kaka, kichwa kinapasuka," akaanguka topeni. Tulimfikisha Kibiti, akafia mikononi mwa daktari. Daktari akatwambia mshipa wa kichwani huvimba kama kibofu, ukipasuka, basi. Dawa hakuwa nayo. Lakini wako watu, alisema, wanaochanga fedha ili madaktari wenzake wauchunguze ugonjwa huo, maana huenda ukarudi katika ukoo.

Mjomba Mbwana, mkubwa wetu, akataka kila mkataji atoe boriti moja katika kila korija, yaani katika kila ishirini, ziuzwe, fedha apelekewe daktari. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Watu wakatoa, rundo likakua.

Ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Mjomba, sadaka ni ya maiti au ya mshipa? Salumu asomewe khitma kwa wali mkavu?"

"Mshipa haujui Fatiha!" akadakia mwenzangu mmoja. Wakacheka. Tukaziuza boriti, tukachinja mbuzi.

Mjomba aliitikia dua, sinia hakuligusa.

"Karibu, Mjomba, wali unapoa," nikamwambia.

"Kuleni nyie. Salumu mmemshibisha. Na wa pili wake mmemwekea nini?"

Nikamwona mzee kaanza kuweweseka.

Wa pili alikuwa Mwanahawa, dada yetu wa mwisho. Miaka ilikuwa imepita. Alikuwa anatwanga uani, mchi ukamponyoka, akashika kisogo. Maneno yaleyale: "Kaka, kichwa kinapasuka." Daktari alikuwa mwingine, jibu lilelile: dawa bado hatujaipata. Naye tukamzika. Sisemi lile rundo la boriti lingemponya. Si mjinga kiasi hicho. Ila swali la Mjomba lilinirudia pale pale uani alipoanguka. Nilimwekea nini? Mifupa ya mbuzi.

Basi mwanangu, khitma soma, wali pika, maiti wako usimsahau. Lakini akija mtu akisema tuchange ili ugonjwa ujulikane, usimwulize mchango huo utamponya nani. Wa kuponywa huenda hajazaliwa bado, au yuko uani kwako anatwanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kichwa haujengwi.

Mungu akulindie kichwa chako na vya wanao, na mkono wako autangulize mbele ya mdomo wako. Amina.