Wimbo wa Mama Usio na Maneno

Tangu kiharusi kimpige, Mama hakutamka neno. Daktari alituambia tumsemeshe, tumletee anavyovipenda, na tusichelewe, maana mgonjwa akikaa kimya sana hukizoea kimya. Basi nilimsemesha mpaka nusu ya wodi ikapona ili inikimbie. Mama akatazama dari tu.

Ndipo dada yangu alipokumbuka ile kanda. Tuliporudi kwetu kutoka Tanzania, Krismasi nyumbani ilikuwa vita: Bibi anaimba Kinyarwanda, Baba Kifaransa chake cha misheni, sisi watoto Kiswahili. Mama akanunua kanda ya ala tupu, violini elfu moja na ushee, hakuna mwimbaji. Kila mtu akaimba kwa lugha yake juu ya ala hizo, amani ikashuka. Wimbo mmoja Mama aliurudisha nyuma mara nyingi mpaka utepe ukalegea kama tambi. Kanda ilishapotea. Na wimbo usio na maneno unautafutaje? Shule ya jioni ilinifundisha kutafuta x, lakini x angalau ni herufi.

Nikaenda mtaa wa Kabeza, kwa Mkongomani anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi.

"Mukubwa, wimbo iko na jina?"

"Haina. Iko hivi." Nikauvumisha puani kwa moyo wote. Wateja wawili wakatoka.

"Hiyo haiko wimbo, hiyo iko nyuki! Unatafutia nani?"

"Mama. Amelazwa, hasemi."

Akaacha kucheka. Akanijazia kila kisicho na sauti ya mtu: magitaa ya kantri, vinanda vya kanisani, kengele za Noeli, okestra za Wazungu waliokwisha kufa.

Tukaichomeka flashi kwenye simu, tukaiweka kwenye mto wa Mama. Kengele zote za Noeli zikalia, wimbo haumo. Kantri, dari. Vinanda, dari. Utani ukaniisha. Kila wimbo ulipokoma nilihisi mlango umefungwa mahali, nikawa naruka nyimbo kama mtu anayetafuta funguo nyumba ikiungua.

"Polepole, kaka, utaupita!" dada akanikemea.

Ukaja wenyewe, katikati ya okestra. Haukuwa hata wa Krismasi! Miaka yote ile tuliuimbia Mtoto Yesu wimbo wa bwana fulani aliyekuwa na huzuni zake. Dada akanishika mkono, kucha zikazama. Mama akafumba macho. Chozi likateleza kuelekea sikioni, midomo ikatetemeka, tukainama wote wawili mpaka vichwa vikagongana.

"Zima," akasema.

Nikazima haraka kuliko umeme wenyewe.

"Mama! Umesema! Sema tena, Mama. Tuzime na nini kingine?"

Akageuza uso ukutani. Tukangoja. Dada akaita, nikaita, muuguzi akaja naye akaita. Hakuna kitu.

Nikauwasha tena, kwa sauti kubwa zaidi, nikiomba akasirike.