Breki za Chura

Elieza Chilongani ni fundi breki pale Kizota, Dodoma, na akikwambia gari lako halina breki, shuka. Injini hagusi, gia hagusi, umeme anauogopa kama nyoka. Lakini breki, kuanzia za malori ya ng'ombe yanayotoka mnadani Chemba mpaka za magari ya wakubwa yenye vioo vyeusi, hizo ni zake. Tena ana sharti lake. Akishamaliza kazi, huchukua chupa yake ya chai, ile ya bati yenye maua mekundu, akaiweka katikati ya njia na kumwambia mwenye gari: "Njoo kwa kasi, ukifika kwenye lile jiwe, kanyaga." Gari likisimama kabla ya chupa, kazi imekwisha. Chupa hiyo imekaa mbele ya magari mengi kuliko askari wa barabarani, na mpaka leo inatunza chai ikiwa ya moto.

Kasoro yake ni mdomo. Elieza hawezi kusema jambo la maana bila kulitia mzaha. Mkewe, Ruthu, husema hata siku aliyomposa alidhani anachezewa, akakaa mpaka baada ya mavuno ndipo akamjibu. Kanisani wamemkataza kusoma matangazo. Watu wanampenda hivyohivyo, na yeye anajua anapendwa, ndiyo maana hajirekebishi.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe mtani. Henry Maganga ni Mnyamwezi, mstaafu wa serikali, alihamishiwa Dodoma zamani akaja akajenga Kilimani, akasahau kurudi Tabora. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili waliuchukulia utani huo kama ajira. Henry amemzidi Elieza umri wa kutosha kabisa kuamkiwa, lakini tangu wajuane Elieza hajawahi kumpa shikamoo. Salamu yake ni hii: "Mpagazi, umefika? Tua mzigo, unywe maji. Babu yangu alimtoza babu yako hongo kwa maji hayahaya." Na Henry hujibu: "Mgogo, kumbe bado uko hai? Nimekuja na jembe bure." Wakishamaliza hapo ndipo wanashikana mikono.

Henry ana gari ambalo mji mzima unalijua. Ni gari la michezo la Kiingereza, la zamani, la viti viwili, halina paa, halina hata vitasa vya nje. Unaingiza mkono ndani kufungua mlango, au unaruka kama kijana. Taa zake zimetokeza juu ya boneti kama macho, na kwa kuwa lina rangi ya kijani na linaketi chini kabisa, jina lilijileta lenyewe: Chura. Alilinunua kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Miaka mingi Chura alilala chini ya turubai, mpaka Devota, binti wa mwisho wa Henry, alipopata mchumba. Henry akaapa kwamba Devota hataenda kanisani kwa gari la kukodi. Angempeleka mwenyewe, kwa Chura, Jumamosi.

Jumatano asubuhi Chura aliletwa gereji. Elieza alifungua gurudumu la mbele, akavuta dramu ya breki. Raba zilizomo kwenye silinda, zile ndogo zinazozuia mafuta ya breki yasitoroke, zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Henry, umetia nini kwenye kikopo cha breki?"

"Oili. Ilikuwa imepungua."

"Oili gani?"

"Ya injini. Si oili ni oili?"

Elieza alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaeleza, kwa namna yake. "Mpagazi, oili ya injini inakula raba za breki kama ninyi mnavyokula karanga. Gari hili lina bomba moja la breki kwa magurudumu yote manne. Raba moja ikiachia, umebaki na honi. Ukiliendesha utakufa, na mimi nitakuja kulala kwenye kaburi lako, sitoki mpaka wanipe ng'ombe."

"Dume au jike?" akauliza Henry, akaondoka akicheka.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na lilikuwa la Elieza peke yake. Mtani ndiye mwenye haki ya kulala kaburini kwa mtani wake na kugoma kutoka. Maneno hayo Henry ameyasikia kwake mara zisizo na idadi, akiwa na mafua, akiwa na homa, akiwa mzima wa afya. Fundi alikuwa amesema ukweli mtupu, lakini aliuvika nguo za kila siku. Kisha akazidisha. Kabla ya kwenda mjini kutafuta raba mpya, aliipima raba moja iliyovimba, akairudisha mahali pake, akafunga gurudumu ili gari lisibaki juu ya mawe, akachukua kipande cha boksi na kuandika kwa mkaa: MNYAMWEZI UKIGUSA UTAKUFA. Akakitundika kwenye usukani na kwenda zake akijiona ameweka ulinzi wa kutosha.

Raba hazikupatikana upesi. Duka la kwanza walimcheka, la pili wakamwonyesha za pikipiki. Mpaka anazipata, kwa kulinganisha saizi na za gari jingine kabisa, jua lilikuwa limeshavuka utosi. Aliporudi gereji, mahali pa Chura palikuwa na alama za matairi na doa dogo la mafuta.

Mwanasha, mama lishe anayepika jirani na gereji, alikuwa anaosha sufuria. "Mzee Henry kaja na ufunguo wake wa akiba," alisema. "Kampakia Devota, wamekwenda kupiga picha juu ya kilima cha Ntyuka."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Kasema, 'Muache mtani wangu, ananitisha kila siku.' Lile boksi lako kaondoka nalo. Kalipenda sana."

Elieza alipiga simu. Iliita mara moja tu. "Mgogo! Msiba umeanza?" Henry alisema, upepo ukivuma kwenye simu.

"Henry, sikiliza, simama, kweli utakufa!"

"Waambie wachinje!" Na simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa.

Hapo Elieza aliogopa. Aliona hesabu yote kichwani: breki zile bado zingeshika mara chache, kila kanyago likisukuma mafuta nje kidogo. Kupanda Ntyuka hakuhitaji breki. Kushuka ndiko kunakohitaji, na chini kuna malori ya barabara ya Iringa. Akaruka nyuma ya bodaboda bila kuuliza nauli.

Njiani alikuwa anatafuta neno. Alijaribu moja, akalitupa. "Kweli" ameitumia sana, "wallahi" ameitumia ingawa ni Mkristo, machozi amewahi kuyaigiza kwenye sherehe ya ubatizo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mama yake alizoea kumwambia, naye alikuwa anajibu kwamba usaha ukitumbuka mtu hupona. Leo alitamani angenyamaza japo siku mbili tatu katika maisha yake, apate pa kuanzia.

Aliwakuta juu, mahali pa tambarare karibu na ukingo. Chura alikuwa ameelekezwa bondeni, injini inanguruma. Henry amevaa miwani ya jua. Devota yuko kando yake na lile boksi kifuani, UTAKUFA, anajipiga picha huku anacheka.

Elieza alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, akaenda akasimama mbele ya gari, karibu kabisa, palepale ambapo siku zote huweka chupa.

"Zima gari, Henry."

"Ona, kaja kuchukua ng'ombe wake mapema!" Henry akaingiza gia. "Toka hapo, Mgogo, nisije nikakutoboa tumbo la mlenda."

"Breki hazipo! Nakuapia!"

"Unaniapia kwa nani safari hii?" Henry alikuwa anacheka mpaka miwani ikamteremka puani. Yule wa bodaboda naye alikuwa anacheka. Elieza akageuka kwa Devota, ambaye ni binti mwenye adabu, na Devota akasema kama alivyofundishwa, "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Elieza, na hapohapo akalipata lile neno.

Alivua kofia. Akafuta mikono kwenye suruali, akaiunganisha mbele yake, akainamisha kichwa kwa mtu ambaye hakuwahi hata siku moja kumwinamia.

"Shikamoo, mzee Maganga."

Kicheko cha Henry kilikatika. Alimtazama Elieza, akatazama ile kofia mkononi, akavua miwani na kutazama tena. Mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo taratibu, ukazima injini.

"Elieza," alisema kwa sauti ndogo, "nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Kanyaga breki."

Henry alikanyaga. Pedali ilikwenda chini mpaka kwenye bati, ikakaa hukohuko. Alipoiachia na kukanyaga tena, ilikuwa kama anakanyaga hewa. Devota alilaza boksi mapajani, akashika kitasa cha ndani taratibu, akafungua mlango na kutoka. Chini ya gurudumu la mbele vumbi lilikuwa limelowa. Wote wanne walitazama mteremko, malori yakipita kule chini, na Henry akamshika Elieza mkono na hakuuachia mpaka lilipofika gari la kuwabeba.

Ijumaa ilikuwa siku ya kazi. Raba zote zilibadilishwa, mabomba yakasafishwa mpaka ile oili ikatoka yote, spana moja ikachongwa kwa tupa ili iingie kwenye vichwa vya pembe nne vya kurekebishia breki shu, zile zinazobana dramu. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, na kwa kazi hiyo lazima mtu akanyage pedali. Akaitwa Mwanasha, mwanamke wa umbo la kutosha, akateremshwa ndani ya Chura kwa uangalifu.

"Kanyaga!" Elieza alipiga kelele kutoka chini. "Shikilia! Achia!"

"Nashikilia. Lakini kutoka humu nitatokaje?"

Alitolewa na watu watatu, wakimvuta na kuomba radhi. Kisha Elieza akaweka chupa yake njiani, akamwambia Henry aje kwa kasi. Henry akaja. Chura alisimama hatua moja kabla ya chupa, ameinamisha pua kidogo, kimya. Henry akashuka, akaichukua chupa, akanywa chai yote iliyokuwemo na kuirudisha tupu, maana mali ya mtani haina mlinzi. Elieza alimtukana kwa furaha. Mambo yalikuwa yamerudi kama kawaida, au yeye alidhani hivyo.

Jumamosi Elieza alisimama mlangoni mwa kanisa pamoja na Ruthu, amevaa shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Ruthu alikuwa amemwonya kuhusu shati hilo tangu alfajiri. Chura aliingia uwanjani akiwa na maua kwenye yale macho yake, Devota ameshikilia shela isipeperuke, tarumbeta zinapigwa. Akasimama mbele ya ngazi vizuri kabisa, bila hata kutikisika.

Henry alishuka. Badala ya kumfungulia binti yake mlango, alitembea moja kwa moja hadi kwa Elieza. Hakutaja mpagazi wala jembe. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, fundi."

Elieza hakungoja kusikia zaidi. Kofia yake ilianguka, mkono wa Ruthu ukamkosa. Kabla mtu hajauliza lolote alikuwa amelala chali kwenye vumbi la uwanja wa kanisa, na lile shati jeupe, nusu mwili chini ya gari, anapapasa gurudumu moja baada ya jingine akitafuta unyevu.

Palikuwa pakavu. Palikuwa pakavu kote. Alisikia kwanza kicheko cha Devota, kisha cha Henry, kile kikubwa cha siku zote. Kisha kicheko cha Henry kikaisha, na viatu vyake vyeusi vikasogea karibu. Mzee alichuchumaa kwa shida na suti yake, akachungulia chini ya gari, macho yamemlowa.

"Breki ni nzima, Elieza," alisema. "Nilikuwa nakuamkia tu."

Elieza alilala palepale akimtazama, vumbi limemjaa masikioni, akitafuta tusi la kumjibu.

"Marahaba," alisema kutoka chini ya gari.