Nilivyoweka taa za LED nyuma ya pikipiki ya marehemu kaka yangu, mashu yakaniumbua

Wakuu, salamu kutoka Goma, mtaa wa Katoyi.

Humu mimi ni msomaji tu. Shule yangu iliishia njiani na kuandika kunanichosha. Lakini hili limenijaa, nalitoa lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Mkubwa wangu Bosco alikuwa anabeba mashu, kabichi kwa wengine wenu, kutoka Kibumba hadi sokoni Goma kwa pikipiki. Asubuhi moja ya ukungu lori lilimgonga kutoka nyuma. Hakufika hospitali.

Dereva alisema hakuona taa yoyote. Nilimwamini.

Siku mbili kabla, Bosco alikuwa amenituma nimnunulie ampuli, yaani balbu, ya taa ya nyuma, maana ya zamani iliungua. Nikasahau. Siku ya mazishi nilimwambia mama hilo.

Pikipiki ilitengenezwa, ikakaa uani imefunikwa kitenge. Kilio kilipoisha nikaomba kuirudisha kazini, kwa sababu ndiyo ilikuwa inatulisha.

Mama, ambaye pikipiki huiita moto kama wengi huku, akasema: "Nimeshazika mutoto moja juu ya hii moto. Hauendi mpaka mimi mwenyewe nikuone ndani ya ukungu."

Nikaenda mtaa wa Mapendo kwa fundi wetu, Muzee Paluku.

"Ampuli ya kawaida kwa hii barabara ya mawe ya volkano?" akasema. "Inatikisika kidogo tu, uzi wake unakatika. Weka LED, papa. Ile haina uzi."

Kwa wanaotaka kufanya upgrade hii: pikipiki nyingi za zamani, umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye injini, unapanda na kushuka. LED haiupendi. Chukua umeme wa betri, upitie kwenye swichi ya ufunguo, na usisahau fuse.

Nyaya ni tatu: ya earth, ya taa, ya breki. Mimi nilizichanganya hizo mbili za mwisho. Taa ikawaka kwa nguvu muda wote, nikikanyaga breki hakuna kinachobadilika.

Muzee Paluku akacheka: "Hii moto yako inakimbia tu, haijui kusimama!"

Tukarekebisha. Jioni pale uani taa ilikuwa nyekundu safi, majirani wakatoka kuangalia. Nikajiona nimeshinda.

Kesho yake tukapanda Kibumba na mama. Ukungu mzito, baridi. Nikafunga magunia mawili ya mashu kama tunavyofunga sote, yanashuka nyuma mpaka karibu na tairi. Mama akabaki kando ya barabara pamoja na wauzaji. Nikaondoka.

Sijafika mti wa tatu, nikasikia: "Rudi! Rudi!"

Nikarudi. Akanitazama.

"Mutoto, taa yako inamulikia mashu."

Wale mama wauzaji walicheka mpaka wakakaa chini. Kweli, gunia lilikuwa limeifunika taa yote. Katoyi nilikuwa nimeijaribu pikipiki ikiwa tupu. Nani anashuka kutoka Kibumba mtupu?

Mama hakucheka. Akauliza polepole: "Magunia ya Bosco yalikuwa ngapi?"

"Mawili, mama."

Akatikisa kichwa. Tukaelewana. Hata ningenunua ile ampuli, dereva asingeiona. Hilo halinisafishi, nilitumwa nikasahau. Lakini kifua kilipungua uzito.

Nikarudi kwa Muzee Paluku. Tukaongeza LED ya pili yenye waya mrefu na plagi. Ukimaliza kufunga mzigo, unachomeka, kisha unaikaza juu ya gunia la nje kwa zile zile kamba za mpira wa tairi tunazofungia magunia. Ukishusha mzigo, unachomoa, unaweka mfukoni.

Wiki iliyofuata, Kibumba tena. Ukungu ule ule, magunia mawili, mama kando ya barabara.

Mti wa tatu. Wa tano. Wa kumi. Nikafunga breki, nikasimama.

Simu ikaita, ni mama.

"Unasimamia nini hapo? Minakuona! Minakuona! Wende!"

Nyuma yake nilisikia wale mama wauzaji wakipiga vigelegele. Wakuu, nililia ndani ya kofia, kisha nikashuka Goma nikiwa mtu mwingine.

Sasa motard wenzangu, waendesha pikipiki wa Kibumba, wanapanga mstari kwa Muzee Paluku. Lori likinifuata, linapunguza mwendo mapema. Nalisikia.

Nililojifunza: usijaribu taa na pikipiki tupu. Funga mzigo wako wa kila siku, kisha mtu anayekupenda asimame nyuma yako aseme anachokiona.

Ninyi mnaobeba mkaa, ndizi, magodoro, taa zenu mnazifunga wapi? Andikeni hapa chini, nasoma zote.

Mimi siku hizi taa ya juu ya gunia siifungi mwenyewe. Nikikaza kamba ya mwisho, mama ananisukuma pembeni, anaichomeka yeye.