Nilimchongea Mado Mbele ya Watoto Wasiosikia

Nimekosa. Naanza hapo hapo, ili usije ukanionea huruma katikati ya habari. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenidanganya. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu!

Hapa Likasi tulikuwa na chama kidogo cha watoto viziwi. Chumba kimoja nyuma ya parokia, watoto kumi na saba, na mwalimu mmoja ambaye naye hasikii. Mimi nilikuwa sekretari kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuandika miradi kwa Kifaransa safi na kuituma kwa mashirika makubwa ya mbali. Kurasa arobaini, mihuri, picha. Walipojibu, walijibu kwamba wamepokea, basi. Mwalimu alikaa miezi bila mshahara, na watoto walikunywa uji siku ambazo uji ulikuwepo.

Ndipo akaja Mado.

Mado anauza mitumba sokoni. Binti yake Naomi, wa miaka kumi, alikuwa mmoja wa watoto wetu. Shule aliiacha mapema, Kifaransa chake ni cha kuokoteza, na ana pengo kwenye meno ya mbele ambalo halijawahi kumzuia kucheka. Siku moja kwenye mkutano alimgeukia Papa Donatien, rais wetu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani.

"Papa, juu ya nini tunangojea bazungu? Bantu beko hapa hapa. Tubaombe moya moya, kidogo kidogo, kila mwezi."

Nilicheka kwa sauti ili wote wasikie. "Maman Mado, bale bantu bako ba ku soko batatoa nini? Shiye tuko na dossier!" Nikaligonga faili langu.

"Sawa, Maman secrétaire. Mais acha minye nijaribu."

Akajaribu. Na namna alivyojaribu ndiyo iliyoniharibu roho.

Kwa viziwi, mtu haitwi kwa sauti. Watoto wanakutazama, wanachagua kitu chako kimoja, na hicho kinakuwa jina lako la mikono. Jina la Mado lilikuwa kidole kwenye pengo la meno. Basi kila aliyetoa chochote, Mado alimpiga picha, akawaonyesha watoto, wakampa jina. Kisha alimrekodi Naomi kwa simu akilifanya lile jina na kushukuru kwa mikono. Video fupi, inakwenda kwa mtu yule mmoja tu. Muuza mikate akaitwa kwa kukanda unga. Dereva wa taxi-bus akaitwa kwa kofia iliyogeuzwa nyuma. Kijana mmoja mchimbaji wa Kakanda, mtu wa maombi sana, akaitwa kwa kupangusa vumbi machoni.

Watu walipagawa! Dereva alikuwa akiwaonyesha abiria jina lake hata taa ikiwa imeruhusu kwenda. Mchimbaji akaleta wenzake wanne, nao wanadai majina. Maman Béatrice, mzaliwa wa hapa anayeishi Kolwezi, aliitwa kwa tumbo linalotikisika kwa kicheko. Alipoiona video alilia, akakusanya rafiki zake wote wa kanisa, na kila mmoja akawa anatuma chake mwisho wa mwezi. Mwalimu akaanza kulipwa. Uji ukapata sukari na karanga, na ukawepo kila siku.

Na mimi? Miaka tisa, jamani, miaka tisa! Wageni walifika mlangoni nikiwa nimesimama pale pale, nimelikumbatia faili langu, wakaniuliza, "Maman Mado iko wapi?" Papa Donatien akawaambia, "Mado njo moteur ya association." Yeye injini; mimi nilikuwa nini basi, tairi la akiba? Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu, naye akasema, "Mais huyo Mado iko na akili!" Sikumpakulia chakula siku ile.

Nilianza kumchukia kwa vitu vidogo. Kicheko chake. Jinsi watoto walivyomkimbilia. Hata lile pengo, nilijiambia, analionyesha makusudi. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu: hakuna aliyewahi kunionyesha jina langu la mikono. Sikujua kama ninalo. Kuuliza ilikuwa rahisi, lakini sekretari mzima nipige magoti kuuliza watoto? Roho ikazidi kuniuma.

Kisha Mado akaja na simu mpya, nzuri, ya bei. Nisikilize vizuri hapa, maana kosa langu lote liko hapa. Mimi nilijua ilikotoka! Tulikuwa wanawake kumi katika likelemba moja, kila mwezi tunachanga na anapokea mmoja, na mwezi ule ilikuwa zamu ya Mado. Mchango wangu nilimpa mimi mwenyewe, mkononi.

Siku hiyo hiyo alipokuwa akibadilisha laini, simu yake ikawa imezimwa. Maman Béatrice alimkosa, akanipigia mimi. Alitaka tu habari za watoto. Nilikuwa darasani, mwalimu ametoka, watoto wamekaa chini wanachora. Sikutoka hata nje. Nitoke kwa nini, na hawasikii?

"Maman Béatrice," nikasema, "minye sitake maneno. Mais Mado iko na téléphone mupya, ya bei. Minye sijue makuta inatoka wapi. Usiseme ni minye."

Nilipokata simu nilijisikia mwepesi, kama niliyetua ndoo ya maji. Nikainua macho, Naomi alikuwa akinitazama. Nikamtabasamia. Akarudi kwenye mchoro wake, nami nikasahau.

Maman Béatrice aliitunza siri ya jina langu, lakini habari hakuitunza. Aliwaambia rafiki zake, nao wana ndugu huku Likasi. Hazikupita wiki mbili, watu wakaanza kusema watatoa mwezi ujao. Dereva aligeuza kofia mbele. Yule kijana alipanda gari toka Kakanda, akamkuta Mado uani.

"Ile makuta nilitosha mu shimo, Maman. Mu shimo!"

Mado hakuelewa kwa nini anatajiwa pesa iliyotolewa shimoni. Alibaki na mikono wazi, anamtazama kijana wa watu akiondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikajifanya natafuta kalamu.

Papa Donatien akaitisha mkutano mle darasani. Akauliza ni nani amesema maneno kwa wafadhili wetu. Ndipo mimi, mimi niliyeuwasha moto, nikasema Mado aeleze kwanza habari ya simu.

Alinigeukia taratibu. "Weye, Maman? Weye unajua. Tuko pamoja mu likelemba."

Ningeweza kuyamaliza pale! Neno moja tu lilitosha. Nikaangalia sakafu. Mado akaanza kulia, na watoto waliokuwa wanachungulia mlangoni wakamwona.

Naomi aliingia peke yake. Akasimama mbele yetu. Kwanza alikumbatia kitu ambacho hakikuwepo, akakibana kifuani. Kisha akaweka mkono sikioni, kama mtu aliye kwenye simu. Kisha kidole kwenye pengo la meno. Halafu akafanya uso. Midomo imepinda, pua juu, macho yanazungukazunguka. Sijawahi kuona kitu cha kunitisha hivyo, maana ulikuwa uso wangu.

Mwalimu akachukua chaki, akaandika ubaoni: Sekretari. Simu. Mado. Vibaya.

"Huyu mutoto hasikie!" nilipiga kelele. "Atajua nini?"

Mado alijifuta machozi kwa kitenge. "Hasikie, Maman. Mais iko na macho. Jina yangu anaisoma mu midomo."

"Njo vile?" Papa Donatien akaniuliza. Aliniuliza kwa upole, na ndio uliniangusha. Nikajibu, "Njo vile, Papa."

Niliondolewa kwenye chama, na ilikuwa haki yangu. Mado alimshika Naomi mkono, wakatoka, hawakurudi. Baadaye nilimpigia simu kila mtoaji, mmoja mmoja, nikaungama uongo wangu. Maman Béatrice alinikatia simu. Kijana wa Kakanda alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Minye sijue tena nani anasema kweli," akanitakia siku njema. Alibaki muuza mikate peke yake, na mikate yake haiwezi kulipa mwalimu. Mwalimu alivumilia miezi mitatu, kisha akaenda Lubumbashi kutafuta kazi. Chumba sasa kina kufuli. Watoto kumi na sita wako majumbani, hakuna anayezungumza nao kwa mikono.

Naomi anashinda sokoni na mama yake, anakunja mitumba. Nilikwenda pale, nikapiga magoti mbele za watu wote. Mado aliniinua.

"Nilisha kukusamehe, Maman. Mais kurudia kule, hapana."

Nilipata nguvu ya kumuuliza lile jambo nililoshindwa kuuliza zamani. Kile alichofanya Naomi kwanza, kukumbatia kitu kifuani, ni jina langu?

"Njo jina yako, tangu zamani," akasema. "Batoto bote balikuita vile. Juu ulikuwa unakamata ile dossier yako sawa mutoto. Balisema weye njo unabeba bintu yabo."

Kumbe nilikuwa nalo! Jina la anayekumbatia faili kama mtoto, zuri kuliko la muuza mikate, kuliko la Mado. Nilikuwa nalo siku zote, na mimi nikateketea kwa wivu nikidhani sina!

Nikamgeukia Naomi, nikakumbatia kifua changu kwa mikono miwili, nikajinyooshea kidole: mimi. Akatikisa kichwa. Kisha akaweka mkono sikioni, akapindisha midomo, akaninyooshea kidole.

Ndugu msomaji, ukiona mwenzako anapendwa kwa kazi nzuri na roho inakuuma, usikimbilie simu. Nenda ukamwombe akufundishe, hata kama ni mdogo wako, hata kama hajui Kifaransa. Na uulize wanaokuzunguka wanakuitaje, wakati bado una jina zuri. Mimi nikipita mtaani leo, watoto wale wakinikuta, wananisalimia kwa mkono sikioni na midomo iliyopinda. Wala hawanicheki. Wanaita jina langu tu.