Kulungu Aliyegeuka Nyuma

Dereva wetu wa posta hapa Võru, mji mdogo wa Estonia, kulungu akivuka mbele yake, husimama, kidole chake kilichopinda kikigonga usukani polepole mpaka aridhike kuwa njia ni salama. Juzi Taavi, fundi kutoka mji wa Tartu, alimkalisha kwenye kiti cha dereva cha gari linalojiendesha, walijaribu. Likifaulu, kazi ya dereva wetu imekwisha. Mimi nilikuwa nyuma, nimepewa lifti. Kulungu jike akavuka. Gari likasimama vizuri, kisha likaanza kuondoka. Dereva wetu akakanyaga breki. Watoto wawili wa kulungu wakachomoka msituni, wakapita puani mwetu.

“Umejuaje, mama?” Taavi akauliza.

“Si yule kulungu aligeuka nyuma? Gari lako lina macho kumi na mawili, kijana, na halimjui mzazi.”

Akabeba mkoba wake wa barua, akashuka, akaenda zake kwa miguu, kichwa juu. Taavi alimwita mara mbili. Hakurudi.